Bomu la Kigoma na Hesabu za Ushindi Angani

Haya ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, mtu aliyewahi kusafiri katika Ziwa Tanganyika miaka ya nyuma hana haja ya kuelezwa Liemba ni nini. Kwa miongo mingi meli hiyo ilihudumia vituo vya mwambao kama Ikola, jirani na Karema, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Ilipopiga honi usiku, boti zilitoka ufukoni kuifuata kule ilikosimama kilindini, zikiwa zimejaa abiria na magunia ya dagaa, kila mmoja akigombania kupanda kwanza.

Leo sizungumzii nauli wala ratiba. Naizungumzia meli hiyo kama shahidi, tena shahidi wa jambo linaloonekana kuwa mbali na mwambao wa Ikola, nalo ni hili: rubani wa vita anaporudi kambini na kusema, "Nimepiga, nimeangusha," tumwamini kwa kiasi gani?

Tuanze na kisa chenyewe. Liemba haikuzaliwa na jina hilo. Ilijengwa na Wajerumani katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko iliunganishwa upya na kuteremshwa majini Februari 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha pamba moto. Ilifungwa mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari ya Königsberg, ile iliyomalizikia katika delta ya Rufiji. Katika ziwa lote hapakuwa na chombo cha kuikabili.

Waingereza walileta boti mbili ndogo zenye injini, Mimi na Toutou, kwa njia ndefu ya Afrika Kusini na Kongo, zikikokotwa na mashine za mvuke na maksai mahali pasipokuwa na reli. Boti hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen hawakuigusa. Kamanda wao, Spicer-Simson, hakutaka kukabiliana nayo.

Hapo ndipo ndege zilipoingia katika habari hii. Wabelgiji waliazimwa na Waingereza ndege nne zinazoweza kuruka na kutua juu ya maji, zikapelekwa hadi upande wa Kongo wa ziwa letu. Juni 1916 ndege hizo, mmoja wa marubani wake akiwa Aimé Behaeghe, zilivuka ziwa na kuitupia mabomu Kigoma, shabaha kubwa ikiwa Götzen bandarini. Habari zilizotoka upande wa washambuliaji zilikuwa nzuri: meli imepigwa. Habari hiyo imerudiwa na wengi tangu siku hizo, wengine wakisema iliharibika vibaya, wengine wakisema ilipata mkwaruzo tu.

Sasa tumuulize shahidi wetu. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanaikaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wajerumani wenyewe waliitoa Götzen bandarini na kuizamisha kwa makusudi. Mafundi waliotoka nayo Papenburg walizipaka injini zake grisi kwa uangalifu, wakijua kwamba iko siku meli itatakiwa tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa. Injini zake zilitengenezwa zikafanya kazi, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Wazee wetu waliipanda, na wajukuu zao wakaipanda.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, bomu la angani liwe liliipata meli ile au liliikosa, halikuizamisha. Iko na jambo la pili. Kabla ya mabomu hayo, mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umekwisha ondolewa na kupelekwa kwa askari wa nchi kavu, mahali pake ukawekwa mzinga wa bandia wa mbao. Marubani walihatarisha maisha yao juu ya maji mapana ili kumpiga simba ambaye meno yake yalikuwa yameng'olewa. Walisema uongo? La. Walisema walichokiona. Tabu ni kwamba kuona ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine.

Spicer-Simson naye alipatwa na mkasa wa namna hiyo. Juni hiyo hiyo ya 1916 alifika na boti zake Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Akaiona ngome na mizinga yake, akaona heri arudi nyuma. Wajerumani wakapata nafasi ya kuondoka. Baadaye ikabainika kuwa mizinga iliyomtisha ilikuwa ya mbao. Mmoja aliona ushindi mkubwa kuliko uliokuwapo, mwingine akaona hatari isiyokuwapo, na wote walikuwa na macho mazima.

Tutoke kidogo ziwani, twende mahali ambapo madai ya marubani yaliandikwa siku kwa siku na baadaye yakapimwa. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, ndege za Ujerumani zilikuwa zikiishambulia Uingereza. Tarehe 15 Septemba palipiganwa mapigano makali, na Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba siku hiyo ndege 185 za adui zimetunguliwa. Mji mzima wa London ulifurahi, na mpaka leo siku hiyo huadhimishwa. Lakini baada ya vita, vitabu vya jeshi la Ujerumani vilipofunguliwa, ilionekana kwamba hasara yao ya siku ile ilikuwa ndege zipatazo 60. Maana yake, kwa kila ndege moja iliyoanguka kweli, zilihesabiwa tatu.

Inakuwaje hesabu ya 60 ikageuka kuwa 185 bila mtu kusema uongo? Wavuvi wa dagaa wa Ikola watanielewa upesi. Kundi moja la dagaa likipita usiku chini ya karabai za vyombo vitatu, kila chombo kitasema kimeliona kundi. Anayekaa ufukoni akijumlisha maneno ya wavuvi, atasema makundi yalikuwa matatu. Angani ni vivyo hivyo. Ndege moja ya adui hupigwa risasi na marubani watatu kwa zamu, kila mmoja akiwa hana habari za mwenzake. Inapoanguka, kila mmoja anaiona ni yake, na kila mmoja anaapa kwa dhati.

Sababu ya pili ni haraka. Rubani wa ndege ya vita hupata nafasi ya kulenga kwa sekunde chache tu. Akiendelea kuitazama ndege aliyoipiga ili aone mwisho wake, adui mwingine atakuwa nyuma ya mgongo wake. Kwa hiyo hupiga, hugeuka na kukimbia. Kilichotokea baadaye hukimalizia kwa kukisia.

Sababu ya tatu ni moshi. Injini za siku zile zilipoongezewa mafuta kwa ghafla zilitoa moshi mweusi, na rubani aliyetaka kuokoka alikuwa na desturi ya kuielekeza ndege yake chini kwa kasi hadi mawinguni. Anayetazama kutoka juu anaona nini? Anaona ndege inatoa moshi na inaporomoka. Anaandika: imeanguka. Kumbe mwenzake anakwenda zake nyumbani kunywa chai.

Sababu ya nne tunaijua wote: mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Rubani aliyefikisha ndege tano aliitwa bingwa, akavishwa nishani na kupigwa picha magazetini. Serikali nayo ilihitaji habari njema za kuwatuliza wananchi. Hapo hata karani mwaminifu, akiletewa dai lenye shaka, mkono wake huelekea upande wa kukubali.

Majeshi hayakuwa na wajinga. Yaliweka masharti: awepo shahidi, mabaki yaonekane, na baadaye zikafungwa kamera zilizopiga picha kila bunduki ilipofyatuliwa. Madai yakagawanywa mafungu: iliyothibitika, inayodhaniwa kuanguka, na iliyoharibiwa. Yote hayo yalisaidia, lakini hayakumaliza tabu. Ndege iliyoanguka baharini haiachi mabaki, na shahidi wa angani ni rubani mwingine mwenye haraka ile ile.

Sasa, ni nani wa kuaminiwa? Jibu linaweza kukushangaza. Karani wa stoo ni shahidi bora kuliko rubani. Jeshi lolote, hata liwe la waongo kiasi gani mbele ya vipaza sauti, lazima ndani ya vitabu vyake liandike ukweli kuhusu hasara yake lenyewe. Ndege iliyopotea lazima ifutwe kwenye daftari ili iombwe nyingine. Rubani aliyekufa lazima mshahara wake ukatwe na mama yake apelekewe barua. Kwa sababu hiyo, wachunguzi wa mambo ya vita wanapotaka kujua ni ndege ngapi zilianguka, hawaishii kwa aliyezipiga. Huwaendea waliozipoteza, kisha huweka vitabu vya pande mbili juu ya meza moja. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika hesabu za vita, asiyekuwepo ndiye mwenye nusu ya jibu.

Na pale vitabu vinapopotea, jibu nalo hupotea. Mwezi Aprili 1941, katika anga ya Ugiriki, alikuwako rubani hodari aliyezaliwa Afrika Kusini, Marmaduke Pattle. Aliuawa tarehe 20 mwezi huo juu ya Athens. Kumbukumbu za kikosi chake zilipotea Waingereza walipokuwa wakikimbia Ugiriki. Mpaka leo wako wanaosema aliangusha ndege 40, wako wanaosema zilizidi 50, na hakuna wa kuwaamulia.

Katika mapigano hayo ya Ugiriki alikuwamo kijana mmoja ambaye Dar es Salaam ilimfahamu, Roald Dahl, aliyekuja baadaye kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Alifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 ndege yake ilianguka jangwani huko Afrika ya Kaskazini, akaumia vibaya. Mwaka 1942 gazeti moja la Marekani lilichapa masimulizi yake chini ya kichwa kilichosema kwamba alitunguliwa. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza kuwa hakuna adui aliyemtungua. Alielekezwa vibaya mahali pa kutua, mafuta yakakaribia kwisha, giza likaingia, akajaribu kutua mahali pabaya. Kama hata kuanguka kwa mtu mwenyewe kunaweza kusimuliwa kwa namna mbili, itakuwaje kuanguka kwa adui aliyeonekana kwa mbali?

Ndugu msikilizaji, pengine utasema: hayo ni mambo ya hesabu, yana madhara gani? Kama watu walifurahi, wacha wafurahi. La hasha. Hesabu ya uongo huua, na mara nyingi huwaua wenye kuitangaza.

Tazama Japani. Katikati ya Oktoba 1944 marubani wa Japani walishambulia meli za Marekani karibu na kisiwa cha Taiwan. Wengi wao walikuwa vijana wasio na uzoefu, walipiga usiku, wakaona miali ya moto baharini. Serikali yao ikatangaza kwamba manowari 11 za kubebea ndege zimezamishwa, pamoja na manowari nyingine kubwa. Watu wakashangilia mitaani. Ukweli ni kwamba hakuna hata manowari moja ya kubebea ndege iliyozama. Manowari mbili za Marekani, Canberra na Houston, ziliumia vibaya na kukokotwa, basi. Ile miali ya moto, mingi ilikuwa ndege za Wajapani wenyewe zikiungua.

Siku chache baadaye, tarehe 20 Oktoba, Wamarekani walitua katika kisiwa cha Leyte, Ufilipino. Makamanda wa jeshi la nchi kavu la Japani waliamini adui amebaki na meli chache zilizokwaruzwa. Wakabadili mpango wao, wakapeleka maelfu kwa maelfu ya askari Leyte wakapigane huko. Meli zilizowabeba zilishambuliwa na ndege zilizotoka kwenye manowari ambazo, kwa mujibu wa redio ya Tokyo, zilikuwa chini ya bahari. Wengi wa askari hao hawakurudi kwao.

Na sisi tusijione tuko mbali. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Radio Uganda ilijigamba kwamba eneo hilo limetekwa kwa dakika 25, rekodi ya dunia. Ndege za Uganda zilipelekwa kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu, zikashindwa. Daraja lilivunjwa kwa baruti zilizotegwa kwa mikono ya watu waliosimama pale pale. Mwezi Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yaliikosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Aliye juu angani huona vumbi na moshi. Kuwa hilo ni vumbi la bohari ya mafuta au la malisho ya swala, hilo hulijua aliye chini.

Upande wetu nao ulionja uchungu wa macho kudanganya. Vita ilipoanza, ndege tatu za kivita za Tanzania zilipopita Musoma zilidhaniwa kuwa za adui, zikatunguliwa na wapiga mizinga wetu wenyewe. Kwa dakika chache, mahali pale, pengine palikuwa na furaha ya kuangusha ndege tatu za Amin. Halafu ukweli ukajulikana. Nasema hayo kwa heshima, si kwa kuwasimanga wale askari. Walikuwa wakilinda mji uliokuwa hatarini, na walikuwa na nukta chache za kuamua. Lakini tunapotaja idadi za ndege zilizotunguliwa, tukumbuke kwamba ndani ya kila ndege mna mtoto wa mtu, na hesabu ikikosewa, kosa hilo hupiga hodi kwenye mlango wa nyumba fulani.

Husimuliwa kwamba mwaka 1940 mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, Dowding, aliulizwa kwa nini madai ya Wajerumani na madai ya Waingereza hayapatani hata kidogo. Akajibu kwa maana hii: kama hesabu za Wajerumani ni sahihi, watakuwa London kwa muda wa wiki moja, kama si sahihi, hawatakuwa. Ni jibu la mtu mzima. Usibishane na tangazo, subiri utazame kinachofuata. Aliyetangaza kuwa adui amekwisha, je, kesho yake analala kwa amani? Meli iliyosemwa imepigwa, je, inaelea?

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanayo sababu ya kulizingatia jambo hili. Ng'ambo ya maji ni Kongo, nchi iliyoonja vita mara nyingi. Mwaka 1996 na 1997, vita vilipopamba moto huko, maelfu ya wakimbizi walivuka ziwa kuja upande wetu. Mtu aliye katika hali hiyo huamua kubaki au kupanda mtumbwi kwa habari aliyoisikia: fulani kashinda, fulani kakimbia. Siku hizi habari hizo hazingoji redio. Zinaruka kutoka simu hadi simu, pamoja na picha za ndege zinazowaka moto, na mara nyingine picha yenyewe ni ya vita nyingine na ya mwaka mwingine. Baba wa familia huitazama dakika moja na kuamua juu ya watoto wake sita.

Kwa hiyo tujizoeze kuuliza maswali matatu. Kwanza, nani aliona, na alikuwa wapi alipoona? Pili, mabaki yako wapi? Tatu, aliyepigwa anasemaje, na vitabu vyake vinasemaje? Pasipo majibu, tusimwite rubani mwongo, maana pengine amesema kila alichokiona, tena kwa ushujaa. Lakini tusiliandike neno lake kwa wino. Tuliandike kwa penseli, tungoje.

Götzen ilingojewa. Waliosema imekwisha kwa bomu walikosea, na walioitia grisi wakijua itarudi walipatia. Mizinga ya mbao ilioza zamani, na wapiganaji wa pande zote mbili wamekwisha lala. Lakini meli ile, kwa jina la Liemba, ilirudi kupiga honi usiku mbele ya Ikola, na boti zikatoka kuilaki. Sidhani kama kuna ushahidi unaopita huo.

Kwa leo tuishie hapa. Hadi wiki ijayo, kwaherini.